Vijana wa Meru na Embu, mpira mrefu si dhambi, ila tuache kuuogopa mpira

Jumamosi hii ukipata nafasi, tembea hadi uwanja wowote wa shule ya msingi, kuanzia Maua hadi Runyenjes. Simama kando ya laini dakika kumi tu. Usiangalie mchezo, sikiliza. Utasikia maneno mawili yakirudiwa kuliko hata majina ya wachezaji: "Piga mbele!" Kocha anayapaaza, wazee waliokaa chini ya mti wanayapaaza, na vijana wa boda boda walioegesha pikipiki nyuma ya goli nao hawaachwi nyuma. Mtoto wa miaka 12 akipata mpira na kuinua kichwa kumtafuta mwenzake, anakemewa kana kwamba ameiba. Akiubutua hadi shamba la mahindi la jirani, anapigiwa makofi.

Mimi nimelelewa katika kelele hiyo. Nilikuwa kiungo, mfupi, mwenye miguu miepesi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuangalia mpira ukipita juu ya kichwa changu. Beki anapiga, beki wa wale wengine anarudisha, sisi wa katikati tunageuza shingo kama watu wanaotazama tenisi. Kuna mechi moja ya muhula wa pili niliyojihesabia: kipindi kizima cha kwanza niligusa mpira mara nne, na mbili kati ya hizo nilikuwa narusha kwa mikono. Nilipofika kidato cha pili nikaachwa nje ya kikosi. Sababu niliyopewa ni kwamba niongeze mwili kwanza. Rafiki yangu tuliyekaa dawati moja, ambaye kwa kweli alikuwa ananishinda mbali, aliachwa siku hiyo hiyo. Leo anaendesha boda na kucheza Jumapili jioni. Ukimwona akiutuliza mpira kwa kifua, utajiuliza ni nani aliyesema huyu hafai.

Simwandikii kocha yule barua ya lawama. Nakuandikia wewe unayecheza sasa, au unayefunza watoto mtaani, kwa sababu jambo hili bado linaendelea na tunaweza kulibadilisha.

Kwanza tuwe wakweli kuhusu viwanja vyetu. Ukicheza kwenye miteremko ya Mlima Kenya, Imenti au Manyatta, kuna goli la juu na goli la chini. Ikinyesha Aprili au Novemba, udongo mwekundu unashika daluga hadi unahisi umevaa gunia. Ukishuka Mbeere au Tharaka, shida ni nyingine: vumbi, kokoto na nyasi zilizokauka. Pasi ya chini inagonga jiwe, inaruka, inampiga mwenzako kwenye goti, na wapinzani wanaondoka nayo. Katika hali hiyo, kocha anayesema mpira upelekwe mbali na goli letu si mjinga. Ameusoma uwanja wake.

Tena usimruhusu mtu akwambie kwamba mpira mrefu ni wa washamba. Kumbuka Novemba 7, 2012. Barcelona ya Messi, Xavi na Iniesta ilienda Glasgow kucheza na Celtic kwenye Ligi ya Mabingwa. Barcelona walikaa na mpira karibu usiku kucha. Lakini dakika ya 21 ilipigwa kona na Mkenya mwenzetu, Victor Wanyama, akaruka na kuweka kichwa. Dakika ya 83, kipa Fraser Forster akapiga mpira mrefu kutoka golini kwake, Xavi akakosea kuukadiria, na kijana wa miaka 18 aitwaye Tony Watt akakimbia nao na kufunga. Bao la Messi lilikuja muda wa nyongeza, likiwa limechelewa. Celtic 2, Barcelona 1.

Na si huko Ulaya tu. Agosti 10, 2025, Kasarani, mashindano ya CHAN. Ryan Ogam alikuwa ameshawafunga Morocco, kisha kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu. Harambee Stars ya Benni McCarthy ikacheza kipindi chote cha pili na watu kumi. Kuna mtu yeyote aliyekuwa akililia pasi fupi fupi siku ile? Tulitaka mpira uondolewe, na ukaondolewa, tukashinda 1-0.

Kwa upande mwingine, kumiliki mpira peke yake hakujengi nyumba. Kombe la Dunia la 2018, Uhispania walipiga zaidi ya pasi 1,000 dhidi ya Urusi, wakatolewa kwa penalti. Miaka minne baadaye nchini Qatar wakarudia yale yale dhidi ya Morocco: pasi zaidi ya 1,000, bao sufuri, na nje kwa penalti. Pasi ambayo haimsumbui mpinzani ni kama kuzungusha ugali kwenye sahani bila kula.

Kwa hivyo shida yangu iko wapi? Iko hapa: Wanyama na Ogam walijua kucheza mpira kabla ya kufundishwa kuuondoa. Sisi tunawafundisha watoto kuuondoa, basi.

Hebu tuangalie fikra hii ilikotoka, maana wengi wanaamini kuwa sayansi imeithibitisha. Machi 18, 1950, ofisa wa jeshi la anga la Uingereza aliyekuwa na taaluma ya uhasibu, Charles Reep, alikuwa akitazama mechi ya Swindon Town na Bristol Rovers. Alichoshwa na mchezo, akatoa daftari na penseli, akaanza kuandika kila shambulizi. Aliendelea hivyo kwa miaka mingi. Hesabu zake zilionyesha kwamba takriban mabao 8 kati ya 10 hutokana na mashambulizi ya pasi tatu au chini ya hapo. Hitimisho lake likawa: punguza pasi, peleka mpira mbele haraka. Baadaye Charles Hughes, aliyesimamia mafunzo ya makocha katika shirikisho la soka la Uingereza, akaieneza imani inayofanana na hiyo. Mwaka wa 1988 Wimbledon walipowapiga Liverpool 1-0 kwenye fainali ya Kombe la FA kwa mpira wa nguvu na wa juu, waumini wakasema, si mmeona?

Lakini daftari lile lile lina jambo ambalo halikuangaliwa vizuri. Mashambulizi zaidi ya 9 kati ya 10 yalikuwa ya pasi tatu au chini ya hapo. Fikiria polepole. Kama mashambulizi mafupi ni zaidi ya 9 kati ya 10 lakini yanaleta mabao 8 tu kati ya 10, basi yale marefu, ambayo hayafiki hata moja kati ya 10, ndiyo yanayoleta mawili yaliyobaki. Yaani shambulizi la pasi nyingi, ingawa ni nadra, lina nafasi kubwa zaidi ya kuzaa bao. Ni kama mtu akwambie kwamba watu wengi wanaofika Nairobi kutoka Meru wamepanda matatu, kwa hivyo matatu ndiyo yenye kasi kuliko magari yote. Hajathibitisha kasi. Amethibitisha tu kwamba wengi wetu hupanda matatu.

Soka ya leo imeshaondoka kwenye ugomvi huo wa kuchagua upande mmoja. Tangu 1992 kipa haruhusiwi kudaka kwa mikono pasi aliyorudishiwa kwa mguu na mwenzake, kwa hivyo naye amelazimika kujua mpira. Tangu 2019 goal kick inaweza kupokewa ndani ya boksi, na timu nyingi zinaanzia hapo. Lakini angalia Manchester City ya Pep Guardiola, walimu wakuu wa pasi fupi. Agosti 2018 dhidi ya Huddersfield, kipa Ederson alipiga mpira mmoja mrefu kutoka kwake, ukamfikia Sergio Agüero, ukaishia wavuni. Ule haukuwa mpira wa kubutua. Ilikuwa pasi ya mbali. Aliona, akachagua, akapiga.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka uishike. Umbali wa mpira hauna kosa. Kosa ni kupiga bila kuangalia.

Na kosa hilo linagharimu watu. Mtoto wa miaka 12 anayefundishwa kubutua anajifunza jambo moja kubwa: kwamba mpira ukimjia ni hatari, auondoe haraka. Akifika miaka 17 akiitwa kwenye majaribio jijini, au timu yake ikienda kucheza Chapa Dimba na vijana wa mikoa mingine, anakuta uwanja wa nyasi sawa, kocha anamwambia tuliza, geuka, toa. Hawezi. Si kwamba hana kipaji. Hakuna aliyempa nafasi ya kukosea akiwa mdogo.

Pili, mfumo wa kubutua unachagua miili, hauchagui wachezaji. Umri huo, aliyebalehe mapema ana kifua na mapaja, mwenzake bado ni mtoto. Mkubwa anashinda kila mpira wa juu, anasifiwa, anawekwa kikosini. Mdogo anaambiwa aongeze mwili, kama nilivyoambiwa. Baada ya miaka mitatu wote wanatoshana kimo, ila mmoja hakujifunza kufikiri na mwingine aliacha kucheza zamani. Tumepoteza wawili. Na wasichana je? Dada zetu wengi wanaanza mpira wakiwa wamechelewa, kwa sababu nyumbani waliambiwa si mchezo wao. Ukiwaanzishia na kubutua, wanakimbia kutwa bila kugusa mpira, halafu tunashangaa wanapoacha.

Najua utaniambia: "Wewe unaongea, lakini sisi tunacheza kwenye mteremko." Sawa. Basi usianze na uwanja mzima. Tafuta kipande kidogo kilicho sawa, hata kama ni sehemu ya katikati tu, au ile ya kupiga paredi shuleni. Okoteni mawe kwa nusu saa kabla ya mazoezi. Wekeni magoli mawili madogo ya sweta. Chezeni wanne kwa wanne, mpira usipande juu ya goti. Watu wanane na mpira mmoja, kila mtu ataugusa mara nyingi kuliko mechi nzima ya kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Huhitaji mdhamini kwa hilo. Hata mpira wa makaratasi unatosha.

Halafu siku ya mpira mrefu iwepo pia, lakini iwe na sheria moja: taja jina kabla ya kupiga. "Kim, kulia!" Kama huna jina la kutaja, huna pasi, tafuta njia nyingine. Mkifika mechi ya kweli na mvua imenyesha, pigeni mbele mpendavyo, ila mtakuwa mnajua mnampigia nani.

Viongozi nao wasikwepe. Meru tuna Kinoru, uwanja uliofanyiwa ukarabati kwa sababu ya CHAN ya 2018 kabla CAF haijaipokonya Kenya uenyeji Septemba 2017. Embu kuna Moi Stadium, ulioandaliwa kwa sherehe za Madaraka Dei Juni 1, 2023. Ni viwanja vya kujivunia. Lakini mtoto wa Kiritiri au wa Tigania hajifunzi mpira Kinoru. Anajifunza kwenye uwanja wa shule ambapo ng'ombe walilala jana. Kaunti zina magreda yanayochonga barabara za vijijini. Greda likiwa linapita, likisimama kwa shule siku moja na kusawazisha uwanja, hilo lingesaidia soka yetu kuliko hotuba kumi. MCA wako akija kuomba kura na mipira na jezi, pokea, sema asante, kisha muulize kuhusu greda.

Na wewe uliyesimama kando ya laini, nakuomba jambo dogo kabisa. Jumamosi hii, mtoto akipata mpira na kuinua kichwa, nyamaza sekunde mbili. Anaweza kuupoteza, ndiyo. Wanaweza kufungwa, ndiyo, na mbuzi wa mashindano akaenda kijiji cha pili. Lakini ile sekunde anayoangalia ndiyo mpira wenyewe. Sisi wengine tulinyimwa. Mpe yeye.

Na kuhusu ule mjadala wa Morocco, usisahau mwisho wake. Tuliwapiga tukiwa kumi, tukafurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Kisha robo fainali tukaongoza dhidi ya Madagascar, tukashindwa kuutunza uongozi wetu, wakasawazisha na kututoa kwa penalti nyumbani kwetu. Agosti 30 fainali ikachezwa hapo hapo Kasarani, Madagascar dhidi ya Morocco. Morocco wakashinda 3-2 na kuondoka na kombe. Usiku mmoja unaweza kushinda kwa kuondoa mpira. Ukitaka kubaki hadi siku ya mwisho, lazima pia ujue kukaa nao.