Pesa yako, habari zako: nani ana ruhusa ya kuziangalia?

Tuchukue mfano wa mama anayechuuza ndagala pale Kalundu. Wateja wa Bukavu wanamlipa kwa M-Pesa, wa Baraka kwa Airtel Money, na wale wa Bujumbura wanatumia Lumicash. Siku anapokwenda kuomba mkopo, anaulizwa: unaingiza pesa ngapi kwa mwezi? Jibu liko kwenye kadi tatu za simu, kila kompani imefunga mlango wake. Kwa hiyo anafungua simu, anamwachia mtu asome mesaji zake zote. Wengine wanatoa hata kode ya siri. Ni kama kumpa mgeni ufunguo wa nyumba nzima juu anataka kuona chumba kimoja tu.

Nchi nyingine zimetafutia shida hii dawa: kanuni za pamoja za kiufundi. Maana yake, benki na kompani za simu zinakubaliana namna moja ya kufungua habari za mteja. Mwenye konti ndiye anasema ndiyo. Anachagua habari gani zionekane, nani azione, kwa siku ngapi, na anaweza kufuta ruhusa hiyo wakati wowote. Kode yake haipewi mtu. Uingereza ilianza mwezi wa kwanza 2018, baada ya benki kubwa tisa kulazimishwa. Nigeria ilitoa maagizo yake mwezi wa tatu 2023. Kenya iliandika jambo hilo katika mpango wake wa malipo wa 2022 mpaka 2025. Jirani zetu wa Tanzania walianzia kwenye hatua ya chini: tangu 2014 kompani za simu zilianza kukubaliana pesa itoke mtandao mmoja iingie mwingine.

Na sisi? Kongo ina sheria ya mwaka 2018 juu ya mifumo ya malipo, na Kode ya Numeriki ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inayolinda habari za mtu binafsi. Lakini sheria inasema haki; haisemi mashine ya benki hii izungumze vipi na mashine ya kompani ile. Kazi hiyo inahitaji Benki Kuu iwaketishe wote kwenye meza moja.

Hapa kwetu kuna swali lingine, zito kuliko mkopo. Mwanzoni mwa 2025, Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23, benki zilifunga milango. Simu ikabaki ndiyo benki ya raia. Mwezi wa 12 vita ikafika Uvira yenyewe. Katika hali hiyo, orodha ya nani alimtumia nani pesa inaweza kuwa hatari: mtu akijua mtoto wako wa Kinshasa anakutumia dola, anaweza kuja kubisha mlango usiku. Ndiyo maana kurahisisha tu hakutoshi. Mkopeshaji anahitaji kujua jumla ya mapato ya miezi sita. Hahitaji majina ya waliotuma. Kanuni nzuri inapitisha jumla na kuficha majina. Kanuni mbaya, hata ikiwa ya kisasa, inamwaga yote.

Kwa hiyo, wakati wakubwa watakapoketi, wakaaji wa Uvira, Fizi na Bukavu wana neno la kuwaambia: tupeni njia ya kuonyesha mapato yetu bila kuvuliwa nguo.

Kwa leo, mambo matatu yako mikononi mwetu. Kode ya siri usimpe mtu, hata wa kabine unayemzoea. Mkopeshaji akitaka uthibitisho, omba kompani yako karatasi ya mizunguko ya konti, usimwachie simu. Na programu ya mkopo ikitaka kusoma mesaji na majina yote kwenye simu yako, jiulize kwanza: inatafuta nini huko?