Duara Tupu Si Ushahidi wa Tiba

Mara kwa mara wanafunzi huniletea kisahani cha aga, wakinionyesha kwa furaha duara tupu ambamo bakteria wameshindwa kuota, kandokando ya kikaratasi kilichochovywa katika spiriti iliyolowekwa majani ya muarobaini. Nami huuliza: ki wapi kikaratasi cha pili, kilichochovywa katika spiriti pekee? Aghalabu hakipo. Spiriti yenyewe huua bakteria. Isipokaushwa vema, huenda duara lile ni lake, wala si la mti. (Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, nami nililifurahia duara la namna hiyo juma zima.)

Kosa la pili ni letu sisi wa vyuo vikuu. Mganga huchemsha magome ya mjafari kwa maji. Sisi twayaloweka katika spiriti, kisha twatangaza kuwa tumeipima dawa yake. Hatukuipima! Maji na spiriti havitoi vitu vilevile katika mmea. Mwaka 1971 Tu Youyou wa China alipata dawa ya malaria katika Artemisia annua baada ya kuacha joto kali na kutumia etha. Njia ya kutoa dawa ni sehemu ya dawa.

Tena, hata klorini huua bakteria kisahanini, wala hakuna ainywaye. Duara likitangazwa kuwa tiba, mgonjwa wa kichomi aweza kuacha sindano zake.

Basi, mwalimu, anza na chungu cha mganga: maji yaleyale, muda uleule wa kuchemsha. Na duara lisipotokea, liandikwe hilo pia daftarini.