Gamba kawagawa watu Lipingo

Huku Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, "Kikosi cha Kisasi" cha Elvis Musiba bado kinagombanisha vijiwe. Washkaji wanampa Willy Gamba tano: katua Kinshasa, risasi zinarindima, wauaji wa wapigania uhuru wanakiona.

Kina dada wamenuna. Mmoja katutolea uvivu kwamba kwa Gamba mwanamke ni wa kulala naye au wa kutilia shaka tu, bora Joram Kiango wa Ben Mtobwa, maana Nuru wake naye anapiga mzigo. Kijiwe kizima kimya! Mie namuunga mkono.

Musiba alitutoka 2010, Mtobwa 2008, wa kumuuliza hayupo. Na nakala yenyewe ni moja, foleni ndefu. Aliyemaliza asimwage mtama.