Mtambo Haumalizi Chumvi ya Shambani

Mwalimu anapofundisha kilimo cha kumwagilia maji, aghalabu huanza na maji yaingiayo shambani. Ni nadra kuuliza yatokayo huenda wapi. Swali hilo limeigharimu Marekani mamilioni ya dola.

Maji ya mto, hata yakiwa matamu, hubeba chumvi kidogo. Mmea huyanywa maji na kuiacha chumvi udongoni. Mkulima asipoiosha, shamba hufa. Akiiosha, maji ya chumvi hutiririka mferejini hadi kwa jirani. Mnamo 1961 mashamba ya Wellton-Mohawk, jimboni Arizona, yalianza kumwaga maji ya aina hiyo kuelekea mto Colorado. Chumvi ikawafikia wakulima wa bonde la Mexicali, nchini Meksiko, na serikali yao ikalalamika. Mwaka wa 1973 nchi hizo mbili ziliafikiana kuhusu kiasi cha chumvi. Mwaka uliofuata, sheria ya Marekani iliidhinisha mtambo wa kuyasafisha maji hayo mjini Yuma.

Mtambo huo huyasukuma maji kwa nguvu kwenye utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Upande mmoja hupatikana maji yafaayo kutumiwa tena. Upande wa pili hubaki maji machache yenye chumvi kali zaidi. Ulikamilika mwaka wa 1992, kwa gharama ya dola zipatazo milioni 250. Mwaka wa 1993 mafuriko ya mto Gila yaliharibu mifereji yake, ukasimamishwa. Baadaye uliwashwa kwa majaribio tu, mwaka wa 2007 na kati ya 2010 na 2011.

Wakati huohuo, maji yaliyokusudiwa kusafishwa yaliendelea kupelekwa Meksiko kwa mfereji wa kando, yakaustawisha upya mbuga wa Ciénega de Santa Clara, makao ya ndege wengi. Mtambo ukiendeshwa kwa ukamilifu, mbuga huo utapata maji machache na machungu zaidi. Yafaa ieleweke, basi, kuwa utando hauiangamizi chumvi, huihamisha tu.

Siibezi elimu hii. Penye ukame, kila tone lina thamani. Hata hivyo, wakulima wa Wellton-Mohawk waliposawazisha mashamba yao na kumwagilia kwa kipimo, maji ya chumvi yalipungua sana kabla mtambo haujakamilika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa Yuma ulikuwa ghali.

Nasi tunaoazimia kuzigeuza nyika za Galana na Tana ziwe mashamba tuzingatie funzo hilo. Mwanafunzi aonyeshwapo ramani ya mradi wowote wa kunyunyizia maji, asiridhike kuuona mfereji uingiao. Na auonyeshe kidole ule utokao, aulize: chumvi hii itamfikia nani?