Fundi Aonyeshe Kwanza

Wazee wengi hapa Chinongwe huuza korosho wakanunua pikipiki, kisha fedha iliyobaki, ambayo ingetununulia sare na nauli sisi tulio bwenini, huliwa gereji. Sisemi mafundi wote ni wezi; wengi ni watu wa haki na kazi yao ni ngumu. Lakini mwenye chombo akikaa kimya, fundi hubahatisha kwa fedha ya mwenziwe.

Pikipiki ikipungua nguvu, mara huambiwa, "Ringi zimekwisha, tufungue injini." Yafaa kwanza kutazama moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hapo huenda ringi au vali zimekwisha kweli. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi, na mara nyingi sababu yake ni chujio la hewa lililojaa vumbi. Vumbi la njia zetu nani asiyelijua! Kulisafisha ni kazi ya dakika chache.

Tena naona ni haki bei ya spea na ya ufundi zitajwe mbali mbali kabla spana haijashikwa, na mwenyewe arudishiwe kile kitu kibovu kilichotolewa. Fundi akikataa, pikipiki isukumwe kwa mwingine, hata jua likiwa kali.