Kusoma Sana Si Kujua Sana

Mitihani inapokaribia, taa za mabweni huwaka hadi usiku wa manane. Wanafunzi huinamia madaftari yao, wakiusoma ukurasa uleule mara ya tatu, ya nne na ya tano, huku wakipigia mstari karibu kila sentensi. Hapana awezaye kuwaita wavivu. Hata hivyo, wengi wao huingia katika chumba cha mtihani wakakuta kwamba yale waliyodhani wameyashika yamekwisha kuwaponyoka. Mzazi husema mtoto hana kichwa. Mwalimu husema hakusoma. Maoni yangu ni kwamba aghalabu kosa halimo katika kichwa wala katika bidii, bali katika namna ya kusoma.

Ziko namna mbili za kujifunza. Ya kwanza ni ya kupokea: mwanafunzi husikiliza, hunakili na kurudia kusoma, na akili yake huwa kama mtungi unaongojea kujazwa. Ya pili ni ya kutenda: mwanafunzi hufunika kitabu, hujiuliza, hujaribu kueleza kwa maneno yake mwenyewe, kisha hufunua na kujisahihisha. Namna ya kwanza ni nyepesi, na katika wepesi huo ndimo ulimo udanganyifu wake. Ukurasa uliosomwa mara tano huzoeleka machoni, na mazoea hayo hudhaniwa kuwa ni maarifa. Lakini kulitambua jambo uliona­lo si sawa na kulikumbuka lisipokuwapo. Sote tunazitambua sura za majirani zetu. Ni wangapi kati yetu wawezao kuzichora?

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio yao. Wanafunzi walipewa habari fupi mbili. Moja waliisoma mara mbili. Nyingine waliisoma mara moja, kisha wakaandika yote waliyoweza kuyakumbuka bila kuitazama. Waliopimwa baada ya dakika 5 waliikumbuka zaidi ile iliyosomwa mara mbili: asilimia 81, dhidi ya asilimia 75. Lakini kwa waliopimwa baada ya juma moja, mambo yaligeuka. Habari iliyosomwa mara mbili ilikumbukwa kwa asilimia 42, na ile waliyojipima nayo kwa asilimia 56. La kushangaza zaidi ni kwamba katika jaribio lililofuata, wale waliorudia kusoma tu ndio waliokuwa na imani kubwa kuliko wote kwamba watakumbuka.

Kwa hiyo hisia zetu wenyewe hazitoshi kuwa kipimo. Mwaka 2019, Louis Deslauriers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha jambo kama hilo katika madarasa ya fizikia: wanafunzi waliofundishwa kwa kushirikishwa katika kutatua maswali walifanya vizuri zaidi katika jaribio kuliko waliosikiliza mhadhara, ingawa wao wenyewe walihisi kwamba wamejifunza kidogo. Ugumu waliouona haukuwa dalili ya kushindwa. Ulikuwa ni kazi ya akili inayojifunza.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa hekima hii. Katika mchezo wa vitendawili, mtegaji hatoi jibu mara moja. Wasikilizaji hupekua vichwa vyao, hujaribu na kukosea, na wakishindwa hutoa mji ndipo waelezwe. Jibu lililotafutwa hivyo halisahauliki upesi. Inakuwaje basi tuingie darasani tukaanza kugawa majibu kabla ya kutega maswali?

Tuchukue mfano wa osmosisi. Mwanafunzi aliyekariri tafsili yake huweza kuitamka bila kukosea neno. Muulize kwa nini kipande cha kiazi mbatata kibichi hulegea kikilowekwa katika maji yenye chumvi nyingi, naye hunyamaza. Angejiuliza swali hilo mapema, akajaribu kulijibu kabla ya kufunua kitabu, asingekuwa na maneno matupu.

Najua walimu watasema: madarasa yamejaa, vifaa ni haba, na muhtasari wa masomo ni mrefu. Hayo ni kweli. Lakini kujipima hakuhitaji maabara wala fedha. Katika kipindi cha dakika 40, dakika 5 za mwisho zatosha kuamuru madaftari yafungwe, kila mmoja aandike mambo matatu aliyojifunza, kisha abadilishane karatasi na jirani yake na kusahihishana. Kipindi kinachofuata kianze kwa maswali machache juu ya somo la juma lililopita, wala yasitolewe alama, ili mwanafunzi asiogope kukosea.

Sisemi kwamba maelezo ya mwalimu hayana kazi. Asiyeelewa jambo tangu awali hana cha kukumbuka, na asiyesahihishwa huweza kulikomaza kosa lake. Ninalopinga ni kudhani kwamba kazi ya kujifunza imekwisha mara kengele inapolia na ubao umekwisha kunakiliwa.

Nanyi wanafunzi, msiongeze saa za kukesha. Someni sura mara moja kwa makini, fungeni kitabu, andikeni mnachokumbuka, kisha linganisheni. Rudieni hivyo kesho kutwa, na tena baada ya juma. Mtaona uchungu wa kusahau, lakini heri kuuona bwenini kuliko katika chumba cha mtihani. Na baada ya mtihani ipo kazi. Mganga aliye mbele ya mgonjwa, fundi aliye mbele ya mtambo na bwana shamba aliye mbele ya mmea unaonyauka hawatauona ukurasa waliouzoea. Watakuwa na yale tu wawezayo kuyatoa vichwani mwao.