Karani wa Mapokezi si Afisa Uhamiaji

Katika Uingereza mgonjwa haendi mwenyewe kumwona bingwa wa moyo au wa figo, isipokuwa amepatwa na ajali au hali yake imekuwa mahututi. Hana budi apite kwanza kwa daktari wa familia, ambaye humtunzia kumbukumbu za afya, humwandikia dawa na, inapolazimu, humpa barua ya kwenda hospitali. Asiyeandikwa katika daftari la daktari huyo hana mlango mwingine wa kawaida wa kuingilia. Kwa hiyo mwenye kuamua nani aandikwe na nani arudishwe ndiye, kwa hakika, mwenye kuamua nani atibiwe. Na aghalabu mtu huyo hakusomea udaktari wala uanasheria. Ni karani wa mapokezi.

Huduma ya Taifa ya Afya, ambayo kwa kifupi huitwa NHS, ilianza kazi tarehe 5 Julai, 1948. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa wa Wales, ambaye mwenyewe aliingia mgodini akiwa na umri wa miaka 13. Madaktari wengi walimpinga vikali, na kura walizopiga mapema mwaka huo zilionyesha wazi kwamba hawakutaka kuwa waajiriwa wa serikali. Mapatano yaliyofikiwa yaliwaacha madaktari wa familia wakiwa wakandarasi: dola huwalipa kwa kadiri ya watu walioandikwa katika madaftari yao, na wao huendesha kliniki zao wenyewe. Hapo ndipo ulipozaliwa mgongano ambao haujesha hadi leo. Huduma ni ya taifa, lakini mlango ni wa daktari.

Sheria na taratibu zinazotumika England kuhusu mlango huo si za kutatanisha. Mtu yeyote aliyeko nchini anaweza kuomba kuandikwa, na kumwona daktari wa familia ni bure. Hatakiwi kuonyesha pasipoti, hati ya anwani, viza wala namba ya NHS. Asiye na makazi anaweza kuandikishwa kwa anwani ya kliniki yenyewe. Aliyefika mahali kwa zaidi ya saa 24 na hatarajii kukaa miezi mitatu anaweza kuandikwa kwa muda. Kliniki inaweza kumkataa mtu ikiwa daftari lake limefungwa kwa kibali, ikiwa anaishi nje ya eneo lake, au kwa sababu nyingine ya maana. Lakini haiwezi kumkataa kwa rangi yake, jinsia yake, dini yake, umri wake, tabaka lake, ulemavu wake, sura yake wala kwa ugonjwa alio nao. Ikimkataa, sharti imweleze sababu kwa maandishi katika muda wa siku 14 na iweke kumbukumbu ya uamuzi huo. Na hata mtu aliyekataliwa, akiwa na maradhi yasiyoweza kungoja, anastahili kupewa tiba hiyo ya lazima bila malipo kwa muda usiozidi siku 14.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Yanayotendeka mezani ni jambo jingine.

Mwaka 2021 waandishi wa habari za uchunguzi wa Bureau of Investigative Journalism walizipigia simu kliniki katika miji kadhaa, wakauliza kama zingemwandika mtu asiye na hati ya anwani, asiye na kitambulisho wala kibali cha kuishi nchini. Kliniki zilizokubali hazikufika hata robo ya zote zilizoulizwa. Yafaa mtumishi wa umma aliyezoea kusoma nyaraka za serikali alitafakari jambo hilo kwa utulivu. Waraka uko wazi, fedha za kazi hiyo zimelipwa, wala hakuna sheria iliyobadilishwa. Na bado katika kliniki nyingi haki hiyo haipatikani, kwa sababu mtu wa kwanza kukutana na mgonjwa hauujui waraka au ameamua kuupuuza.

Achukuliwe, kwa mfano, mama aliyetoka Bukavu, akaomba hifadhi nchini Uingereza, akakaribishwa chumbani kwa jamaa yake. Ana kisukari, na insulini aliyokuja nayo inakaribia kwisha. Anakwenda kliniki iliyo mtaa wa pili. Karani anamwambia kwa adabu kabisa alete pasipoti na ankara ya umeme yenye jina lake. Pasipoti iko mikononi mwa serikali pamoja na maombi yake, na ankara ya umeme ina jina la jamaa. Mama huyo hana Kiingereza cha kubishana. Hajui kwamba hata mkalimani ni haki yake, tena bila malipo. Na huko alikotoka mtu hagombani na ofisi. Anashukuru, anaondoka. Hakuna aliyemnyima kitu kwa maandishi, hakuna barua ya siku 14, hakuna kumbukumbu. Katika vitabu vya kliniki ile mama huyo hakupata kufika. Majuma machache baadaye anabebwa na gari la wagonjwa kupelekwa hospitali, akiwa hajitambui, na gharama ya kitanda chake kwa siku moja inazidi ile ambayo daktari wa familia angelipwa kwa kumtunza mwaka mzima.

Ni rahisi kumlaumu karani, na wako wanaostahili lawama. Lakini haki itendeke kwake pia. Karani huyo anaishi katika nchi ambayo kwa muda wa zaidi ya miaka kumi imekuwa ikiwageuza raia wa kawaida kuwa wakaguzi wa hati. Kwa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2014 mwenye nyumba alitakiwa kukagua hati za mpangaji. Mwajiri alikwisha kutakiwa afanye hivyo kabla yake, na benki nayo ikaingizwa katika kazi hiyo. Tangu Oktoba 2017 hospitali zilitakiwa kuwadai wageni wasiostahili tiba ya bure malipo kabla ya matibabu yasiyo ya dharura, tena kwa asilimia 150 ya bei ya kawaida. Si ajabu basi karani wa kliniki naye akadhani kwamba amri hizo zamhusu. Hazimhusu. Malipo hayo ni ya hospitali, na hata huko matibabu ya kifua kikuu na maradhi mengine ya kuambukiza hayatozwi. Ya UKIMWI yaliachwa kutozwa Oktoba 2012. Hata fomu ya kujiandikisha kwa daktari wa familia, yenye maswali ya nyongeza kuhusu ukaazi wa mtu, huyaacha maswali hayo kwa hiari ya anayejaza.

Serikali yenyewe iliwahi kuuchafua mpaka huo. Mwaka 2017 ulianza kutumika mkataba wa maandishi uliowaruhusu maafisa wa uhamiaji kupata anwani za watu kutoka katika kumbukumbu za NHS. Mgonjwa aliyempa daktari anwani yake ili apelekewe barua ya kliniki akawa ametoa, bila kujua, ramani ya kufuatwa nyumbani. Kamati ya Afya ya Bunge, chini ya uenyekiti wa Sarah Wollaston, ambaye mwenyewe alipata kuwa daktari wa familia, ilitaka jambo hilo lisimamishwe. Mei 2018 serikali ikarudi nyuma, na Novemba mwaka huo mkataba ukaondolewa. Lakini hofu haiondolewi kwa kusaini karatasi nyingine. Mtu aliyesikia kwa jirani kwamba kliniki hupeleka majina kwa uhamiaji hasomi taarifa ya Bunge. Huacha tu kwenda.

Wapo watakaosema kwamba madaktari wa familia wamezidiwa kazi na kwamba bila ukaguzi daftari litajaa majina ya uongo. Hoja ya kwanza ni ya kweli. Kliniki nyingi zina madaktari wachache na wagonjwa wengi, na kulalamika kwao si uvivu. Lakini kwa hali hiyo utaratibu upo: kliniki iliyolemewa huomba kwa mamlaka ya afya ya eneo lake kibali cha kufunga daftari, na likifungwa linafungwa kwa wote. Kliniki inayoliacha wazi kwa mwenye ankara na kulifunga kwa asiye nayo haipunguzi kazi kwa haki, inachagua watu. Ama hoja ya udanganyifu, yafaa iulizwe mtu atadanganya apate nini. Kumwona daktari wa familia ni bure kwa kila aliyeko nchini, na hakuna anayehitaji kughushi jina ili apate kile ambacho angepewa kwa jina lake mwenyewe. Kwa majina ya waliohama na waliofariki ambayo hubaki daftarini, dawa yake ni kulisafisha daftari. Mgonjwa mpya hahusiki na majina hayo.

Kuna upande mwingine unaowagusa walimu na watumishi wa Afrika Mashariki wapelekwao masomoni. Mwanafunzi anayekwenda kusoma Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hulipa ada ya afya pamoja na ada ya viza, kabla hajakanyaga nchi hiyo. Ada hiyo ilianza Aprili 2015; tangu Februari 2024 ni paundi 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na paundi 1,035 kwa mtu mzima asiye mwanafunzi. Mwalimu aliyelipa fedha hizo kwa miaka mitatu ya shahada yake, akaambiwa mezani kwamba hawezi kuandikwa mpaka alete ankara ya gesi ya bweni ambalo halina ankara, amelipia kitu na kunyimwa. Wengi wa namna hiyo hunyamaza kwa kuona aibu ya ugeni, wakavumilia maradhi mpaka likizo, wakaja kutibiwa nyumbani. Yawapasa kujua kwamba wanaweza kuomba sababu ya kukataliwa kwa maandishi, kupeleka malalamiko kwa kliniki au kwa mamlaka ya afya ya eneo hilo, ambayo ina uwezo wa kuwapangia kliniki nyingine, na wasiporidhika kufika kwa mpokea malalamiko anayeripoti kwa Bunge. Aendaye kwa kozi ya miezi miwili, ambaye halipi ada hiyo, naye anaweza kuandikwa kwa muda.

Mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari wa familia katika kijiji cha wachimba makaa cha Glyncorrwg huko Wales, aliandika katika jarida la Lancet kwamba huduma nzuri ya tiba hupungua pale ambapo mahitaji yake yanazidi. Yeye alikuwa akisema juu ya mikoa: madaktari wengi kwa matajiri, wachache kwa wachimba makaa. Kanuni yake yaonekana pia katika upana wa meza moja ya mapokezi. Mwenye nyumba, kazi na ankara tano huandikwa kwa dakika kumi, hata kama hana maradhi yoyote. Aliyefukuzwa na vita, aliyelala kituo cha basi, binti aliyemkimbia mume mwenye kumpiga bila kuchukua hata cheti kimoja, hao ndio wanaotakiwa kuleta hati, nao ndio wenye homa.

Ilipofika Februari 2021, katika janga la Korona, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba hata wasio na kibali cha kuishi nchini waende wakaandikwe kwa daktari wapate chanjo, na kwamba hawatakaguliwa hati zao. Tangazo hilo halikuwapa haki mpya. Lilikuwa linawaambia jambo ambalo kila kliniki ilipaswa kulitenda hata kabla ya janga, na lilitolewa kwa sauti kubwa wakati ule kwa sababu ugonjwa wa asiye na hati ulikuwa unaweza kumfikia mwenye hati. Kwa aliye na kisukari, au uvimbe kwenye titi, ambaye maradhi yake hayamwambukizi mtu, tangazo la namna hiyo halijasomwa redioni. Linaloweza kufanyika kwake ni dogo na halina gharama: masharti ya kuandikwa yabandikwe ukutani mbele ya meza ya mapokezi, kwa lugha zinazosemwa katika mtaa huo, pamoja na zile siku 14, na kila karani mpya ayasome kabla hajakabidhiwa simu.